Mnaowaambia watahiniwa wanywe soda asubuhi ya mtihani, acheni! Na wapanga ratiba nanyi mnahusika

Wakuu,

Kila msimu wa mitihani ukikaribia, ushauri ni ule ule: kunywa soda ubongo upate sukari, lamba glukosi, piga kahawa mbili, usile kabisa usije ukasinzia. Mtahiniwa wa watu anafuata, anaingia ukumbini kwa karatasi inayochukua muda wa saa 3 au 4, na kufika katikati mikono inatetemeka, tumbo linanguruma, kibofu kimejaa, sentensi moja anaisoma mara nne. Matokeo yakitoka anaambiwa hakusoma. Inaudhi, kwa sababu hili ni jambo lenye hesabu na hesabu zenyewe si ngumu.

Tuanze na hiyo soda. Ubongo wa mtu mzima hutumia takribani gramu 120 za glukosi kwa siku nzima, yaani kama gramu 5 kwa saa. Karatasi ya muda wa saa 3 inahitaji gramu 15 hivi, na kuumiza kichwa hakuongezi kiasi hicho kwa namna ya kutisha. Ini lina akiba yake, na ikipungua usiku linatengeneza glukosi nyingine. Mtu mwenye afya njema haishiwi sukari ya ubongo akiwa kwenye dawati. Sasa chupa ya mililita 500 ina zaidi ya gramu 50 za sukari, tena kimiminika kitupu, hakuna cha kuichelewesha tumboni. Sukari kwenye damu inapaa ndani ya dakika 30 hadi 60, kongosho linamwaga insulini kuishusha, na kwa baadhi ya watu inashuka kupita pale ilipoanzia. Aliyekunywa saa 2:30 asubuhi anakutana na mshuko huo saa 4 na ushee, maswali marefu ndiyo kwanza yameanza. Halafu mnasema mmemsaidia.

Wale wa "usile kabisa" nao hawana tofauti. Homoni ya njaa, ghrelini, hupanda kwa kufuata saa ulizozoea kula. Aliyezoea kula saa 1 na kutafuna kitu saa 4, mwili wake utadai saa 1 na saa 4, mtihani uwepo usiwepo. Kula hakumpumbazi mtu. Kinachopumbaza ni sahani kubwa yenye mafuta mengi iliyoliwa dakika 40 kabla ya kuingia. Mafuta huchelewesha tumbo kumwaga chakula, hofu nayo inalichelewesha zaidi, matokeo yake ni kichefuchefu na uzito unaoishi na wewe mpaka karatasi inakusanywa. Ndiyo maana vitu vya kukaanga havifai asubuhi hiyo, hata kama siku nyingine vinakukubali.

Hesabu ianzie saa ambayo karatasi inafunguliwa, kisha urudi nyuma. Hapa ndipo karibu wote mnapokosea, mnahesabu kuanzia saa ya kuamka. Karatasi ya saa 3:00, mlo uwe umeisha kati ya 12:30 na 1:00. Saa mbili hizo zina kazi: tumbo linapunguza mzigo, na choo kinapata muda wake. Chakula kikiingia tumboni, utumbo mpana hupewa ishara ya kusukuma kilichopo, na kahawa huiongezea nguvu. Ukila saa 2:30, ishara hiyo inakuja msimamizi akiwa anasoma maelekezo.

Kwenye sahani weka wanga gramu 50 hivi, protini gramu 15 hadi 20, mafuta kidogo. Mfano unaopikika: vipande viwili vya mkate wa ngano isiyokobolewa, mayai mawili ya kuchemsha, ndizi moja ya kuiva. Mayai peke yake yana gramu 12 za protini. Jumla ni kama kilokalori 400, inatosha watu wengi. Mwenye mwili mkubwa aongeze kipande cha mkate, asiongeze mafuta. Asiyependa mkate apike uji mzito wa nafaka isiyokobolewa, vijiko vitano au sita vya chakula vya unga, sukari isizidi kijiko kimoja cha chai, lakini protini asiiache! Uji mtupu mwepesi wenye vijiko vinne vya sukari ni soda ya moto. Ni protini na nyuzinyuzi ndizo zinazofanya shibe ifike saa 6.

Kisha dakika 30 au 40 kabla ya kuingia, kitu kidogo tu: nusu ndizi, au konzi ndogo ya karanga kwa ambaye hazimdhuru. Hiki ndicho kinachofunika ile njaa ya saa 4, na ndicho watu wanakiruka.

Maziwa ni kwa aliyeyazoea. Watu wazima wengi duniani hawasagi vizuri sukari ya maziwa, na gesi ya tumbo kwenye ukumbi wa watu 200 ni mateso. Maharage vilevile: gesi yake hutengenezwa kwenye utumbo mpana saa kadhaa baadaye, kwa hiyo mlo wa usiku wa kuamkia mtihani nao uchungwe.

Maji. Kuna anayejinyima tangu usiku ili asiende msalani, kuna anayebugia lita nzima akiwa mlangoni. Wote wanaumia. Upungufu wa maji wa asilimia 2 ya uzito wa mwili unatosha kupunguza umakini, na lita ya ghafla inakuwa mkojo ndani ya saa moja au mbili. Kunywa mililita 400 hadi 500 pamoja na mlo wa saa 12:30, nenda msalani dakika 15 kabla ya kuingia, kisha ndani ya ukumbi mafunda mawili matatu kila nusu saa. Basi.

Kahawa: kama wewe si mnywaji, siku ya mtihani si siku ya kuanza. Kama ni mnywaji wa kila siku, usiache siku hiyo, kwa sababu kichwa cha kukosa kafeini huanza saa 12 hadi 24 baada ya kikombe cha mwisho na kitakukuta ndani. Kunywa kikombe chako cha kawaida pamoja na chakula. Hivi vinywaji vya kuongeza nguvu mnavyowapa watoto juu ya kahawa vina kafeini na sukari kwa pamoja. Mapigo ya moyo yanakwenda mbio, jasho, mikono inatetemeka, mtahiniwa anadhani ni hofu na hofu yenyewe inaongezeka.

Na hakuna chochote kati ya haya kinachojaribiwa mara ya kwanza siku ya mtihani. Wiki moja kabla, anza kuamka na kula kwa saa za mtihani. Fanya karatasi nzima ya majaribio baada ya mlo huo huo, kwa muda ule ule, bila kuinuka. Njaa ikija saa 4:30, ongeza protini. Tumbo likijaa, rudisha mlo nyuma nusu saa.

Sasa nyie wapanga ratiba, na hapa ndipo hasira yangu ilipo. Mnaandika "saa 3:00", mnataka watu wafike saa 1:00, ukaguzi unakula saa nzima, karatasi inafunguliwa 3:40. Aliyepanga mlo wake vizuri mmeshamharibia dakika 40 zote. Maji yanaruhusiwa? Ratiba iko kimya. Kila msimamizi ana sheria yake, huyu anaruhusu chupa, yule anaitupa mlangoni. Andikeni mistari minne tu kwenye ratiba: saa halisi ya kufungua karatasi, kinachoruhusiwa kuingia, maji yanapatikana wapi, na utaratibu wa kwenda msalani. Kuna ugumu gani?

Jibu #2

Mleta uzi nakuunga mkono, ila umewasahau wenye kisukari wanaotumia insulini, na wao ndio wanaoonewa zaidi. Kwao sukari kushuka ni dharura, haina uhusiano na uvumilivu. Kipimo cha sukari ya damu kikisoma chini ya 4 mmol/L wanahitaji gramu 15 za sukari ya haraka pale pale, mfano mililita 150 za soda ya kawaida (ile isiyo na sukari haisaidii kitu) au vidonge vya glukosi, kisha wapime tena baada ya dakika 15, na kurudia kama haijapanda. Msimamizi anayezuia kipimo na vidonge mlangoni anahatarisha maisha ya mtu. Pia muelewe kwamba namba ikirudi sawa kwenye kipimo, akili hairudi kwenye kasi yake dakika hiyo hiyo, kwa hiyo muda ule afidiwe. Ombi lipelekwe kwa maandishi mapema, na barua ya daktari, na nakala mtahiniwa awe nayo mkononi siku hiyo. Kuelezana kwa mdomo mlangoni hakufanyi kazi.

Jibu #3

Mmezungumzia asubuhi tu. Karatasi mbili kwa siku je? Ya kwanza inaisha saa 6:30, ya pili saa 8:00, na katikati watu wanazuiwa kutoka nje. Saa moja na nusu! Alasiri mwili una usingizi wake wa asili hata bila kula, ukishindilia sahani kubwa unauongeza. Mlo hapo uwe wa kilokalori 300 hadi 350, uliwe ndani ya dakika 20 za mwanzo, protini iwe nyingi kuliko wanga, halafu tembea dakika 10.

Na huo mlo wa kubeba, angalieni usiwe wali uliolala nje ya friji. Kuna bakteria anaota kwenye wali uliokaa joto la kawaida na kuacha sumu ambayo kupasha moto hakuiui, na kutapika huanza ndani ya saa 1 hadi 6. Bebeni kitu kikavu: mkate, yai la kuchemsha lisilomenywa, ndizi.

Mleta uzi

#2 na #3, mmesema kweli, kisukari kilistahili kuwa juu kabisa.

Kuna anayeuliza afanye nini njaa ikimkuta ndani na chakula hakiruhusiwi. Kwanza, asitishike na kunguruma. Tumbo tupu hujisafisha kwa mawimbi kila saa moja na nusu hadi mbili, na kelele ile hudumu dakika chache tu, haina maana kwamba nguvu zimeisha. Funda za maji, pumua taratibu, hamia kwa dakika 10 kwenye swali la kukokotoa au la majibu mafupi, ukiacha insha kwa muda. Njaa hupanda na kushuka.

Pale inaporuhusiwa kuingia na chakula, menya na kata nyumbani, weka kwenye kichombo kisicho na kelele, toa lebo kwenye chupa ya maji kabla hujaambiwa. Nusu ndizi kila saa inatosha. Chokoleti usibebe, inayeyuka na kuchafua karatasi ya majibu, na karanga usifungue ukumbini kwa sababu hujui nani wa jirani zinamdhuru.

Kwa wasimamizi mnaosoma hapa: mtu akiomba maji saa ya pili ya karatasi, mpeni.