UKOO WOTE: Safari ya Quebec 🚐

*Ijumaa*

Mwanaidi, 19:42
Asalaam aleikum wanaukoo. Leba dei ya huku, ile ya Septemba, imebaki wiki 3 na mpaka sasa waliotoa hela ni wawili, mimi na mume wangu. Gari la viti 12 linataka dipoziti Jumatatu. Toronto mpaka Quebec ni kilomita 800, siku nzima hiyo njiani, kwa hiyo tukishaswali alfajiri tu tunatoka, tunampitia Wifi Montreal, tunaendelea

Mwanaidi, 19:44
Dola 150 mtu mzima, watoto nusu. Nani yumo??

Mwanaidi, 21:10
Naona tiki za bluu 11 hapa. Kusoma mnajua

Hamza, 21:31
Tunalala pale kwenye ngome yenye mapaa ya kijani si ndio? nishatangaza kazini

Mwanaidi, 21:33
Hamza ile si ngome ni HOTELI, Château Frontenac, watu wa reli ndo waliijenga ikafunguliwa 1893, na wewe hulali mule kwa 150 ambayo hata hujatuma. Nimepata nyumba Lévis, ng'ambo ya mto, asubuhi tunavuka na feri tunashukia mji wa kale chini kabisa

Hamza, 21:34
Kigamboni imetufuata mpaka huku 😂😂

Wifi Espérance, 21:50
Feri ni nzuri, munaona mji wote juu ya mwamba. Lakini kupanda kule juu kuna ngazi wanaiita Casse-Cou, ni kusema ya kuvunja shingo

Mwanaidi, 21:52
Bibi hapandi ngazi, magoti yale! Kuna kigari kinavutwa na kamba kinapanda mwamba, kipo tangu 1879

Hamza, 21:52
kamba ileile?

Mama Nuru, 22:40
🤣

Mwanaidi, 22:43
Mama Nuru nawe badala ya kicheko ungetuma hela. Jumamosi tunazunguka ukuta wa mji, Jumapili Montmorency, maporomoko mita 83, yanaipita Niagara kwa mita 30 kwenda juu

*Jumamosi*

Baba Mdogo Salehe (Boston), 06:15
Nimesoma yote. Mimi msinihesabu. Watu hawajafunga hesabu ya Niagara wanafungua nyingine. Lile gari nani alilipia? Nani mpaka leo hajarudishiwa? Na la sufuria siligusi.

Mwanaidi, 07:02
Shikamoo Baba Mdogo. Jamani hilo si lilikwisha kwenye harusi ya Nuru?

Baba Mdogo Salehe (Boston), 07:03
Marahaba. Mlilimaliza nyie.

Hamza, 08:20
Baba Mdogo shikamoo, hapohapo Quebec 1759 Mwingereza na Mfaransa walipigana uwanja wa Abraham, saa haikuisha vita ikawa imeisha na majenerali wote wawili wakapoteza maisha, sisi Niagara mwaka wa sita huu na wote wazima

Baba Mdogo Salehe (Boston), 08:22
Hamza mimi si rika lako.

Hamza, 08:22
Samahani Baba Mdogo 🙏

Mwanaidi, 09:15
Tuendelee. Nani ataendesha zamu ya pili? Hamza simwamini, Montreal alikula faini

Hamza, 09:16
Toronto taa nyekundu unasimama unakata kulia unaondoka, mimi nitajuaje pale kisiwani Montreal ni marufuku

Wifi Espérance, 09:30
Kibao kilikuwapo Hamza, tena kikubwa. Miye nitaendesha kutoka kwangu. Na munile poutine, chips na jibini wanamwangia mchuzi

Hamza, 09:31
hapo ndo tunaongea lugha moja

Bibi, 11:48
hii simu ya bibi ila naandika mimi Aisha, nimemsomea zote. Bibi anasema, Nimesikia. Hela ya Salehe irudi kabla gari halijakodiwa. Aliyechukua sufuria anajijua na mimi namjua. Hayo maporomoko nayataka sana lakini siendi kuyaangalia huku mwanangu kakaa Boston kanuna. Na huo mchuzi wa kwenye chipsi ni wa nyama gani, kachinja nani? Nitapika vyangu. Amemaliza kaenda kutawadha

Mwanaidi, 12:35
Bibi tumesikia. Baba Mdogo ilikuwa ngapi?

Baba Mdogo Salehe (Boston), 12:36
280.

Mwanaidi, 12:51
Imeingia? Sasa kutoka Boston kwa gari ni kama saa 6 na nusu 7 hivi, unatukuta Lévis

Baba Mdogo Salehe (Boston), 13:20
Imeingia. Sasa kuna la pasi.

Mwanaidi, 13:20
Pasi gani tena

Baba Mdogo Salehe (Boston), 13:24
Pasi ya Tanzania iliisha Machi. Mpakani grin kadi peke yake haitoshi, wanataka na pasi iliyo hai. Nimeomba mpya ila leba dei haiwahi.

Hamza, 13:25
kumbe muda wote huu tunapigana na Niagara 😭

Mwanaidi, 13:40
Basi tusogeze thenksgivin ya huku, Jumatatu ya pili ya Oktoba, huko Marekani nako ni sikukuu siku hiyohiyo. Na majani yatakuwa mekundu picha zitatoka vizuri. Nani anapinga? Kimya nahesabu ndio

Rehema, 23:58
Samahanini nilikuwa zamu, nimetuma 150 na ya watoto wawili. Leba dei nimeshaombea ruhusa kazini, Oktoba hawanipi

Mwanaidi, 00:01
Rehema nipigie

Baba Mdogo Salehe (Boston), 00:04
Na sufuria?