Ajenti amekula depositi za wapangaji. Kuna anayewasimamia hawa watu?

Mwalimu_Kiamunyi:
Wadau, habari za jioni. Nina ploti ya nyumba za kupangisha Kiamunyi, hapa Nakuru, lakini nafundisha Molo, kwa hivyo kazi yote nilimwachia ajenti wa mjini. Kodi huniletea bila shida. Sasa mpangaji mmoja amehama. Ameacha nyumba safi, ukutani hakuna hata tundu la msumari, na mfereji wa jikoni uliokuwa ukivuja alitengeneza kwa pesa zake. Anadai depositi yake, ajenti anamwambia angoje hadi mtu mwingine aingie. Kumbe depositi za ploti nzima zimo kwenye akaunti ile ile anayolipia ofisi na mafuta ya gari! Dada wa watu amenipigia analia, na huko anakohamia wanataka depositi leo. Imeniuma sana. Hivi yeyote mwenye simu na kibao barabarani anaweza kujiita ajenti?

Msimamizi_Ksm:
Pole, Mwalimu. Sheria ipo: Sheria ya Maajenti wa Nyumba na Mashamba, Sura 533, tangu 1984. Wengi hudhani ni ya wanaouza mashamba tu, lakini kupangisha na kusimamia nyumba pia vimo. Muulize cheti chake cha uajenti cha mwaka huu, kisha uliza Bodi ya Usajili wa Maajenti kama jina lake limo. Usitosheke na karatasi iliyobandikwa ukutani.

Mimi nasimamia nyumba Migosi na Mamboleo, huku Kisumu. Depositi zina akaunti yake, na hata bomba likipasuka usiku siigusi. Mpangaji akiingia tunazunguka naye chumba kwa chumba: soketi, vitasa, choo kinavuta maji au la, vioo. Tunapiga picha, tunaandika, tunatia sahihi sote wawili. Siku ya kuhama tunasoma karatasi ile ile. Mwenye nyumba naye hupata hesabu kila mwezi pamoja na risiti za fundi. Ajenti akikataa kukuonyesha hesabu, mnyang'anye kazi.

Mpangaji_Shabab:
Na sisi wapangaji tukumbukwe. Sura 296, sheria ya kudhibiti kodi, inalinda nyumba za kodi isiyozidi shilingi 2,500 kwa mwezi, na hapa mtaani Shabab, Nakuru, bei hiyo ilishasahaulika. Bunge lirekebishe hiyo sheria, tunaumia. Mwambie huyo dada atunze meseji zote za M-Pesa. Mahakama ya Madai Madogo husikiliza madai hadi milioni moja, na hahitaji wakili.

Mwalimu_Kiamunyi:
Asanteni sana. Dada nitamlipa mwenyewe kesho kutoka kwa kodi ya mwezi huu, maana nyumba ni yangu na aliniamini mimi. Ajenti nimemwandikia: cheti, hesabu, na depositi zote zihamishiwe akaunti ya peke yake kabla ya mwisho wa mwezi. La sivyo, tunaachana. Msimamizi, tafadhali weka hapa picha ya ile karatasi mnayotia sahihi. Keateka wangu, yaani mtunza ploti, ataanza kuitumia na mpangaji anayeingia Jumamosi.