Bando la Shangazi limeenda wapi

Shangazi Tukuyu: Ugonile familia. Jamani nimeibiwa. Jana usiku nimeweka GB 1, alfajiri naambiwa bando limeisha. Na nilikuwa nimelala!

Mama Neema: Pole wifi. Hao ni wezi.

Neema: Shikamoo shangazi. Zile video za harusi ya Kyela umezifungua?

Shangazi Tukuyu: Marahaba. Hata moja. Nilisema nitaziangalia Jumapili.

Neema: Hukuzifungua wewe, ila simu imezipakua zote. Kupakua ni kuvuta kitu kutoka mtandaoni kije kikae kwenye simu. Umeiachia ivute yenyewe.

Babu: Hiyo GB ni nini kwanza? Mnaitaja kama kilo.

Neema: Shikamoo babu. Ni kama kilo kweli. Maneno matupu kama haya ni punje tu, yanahesabiwa kwa KB. KB 1000 ni MB 1, MB 1000 ni GB 1. Picha ya humu WhatsApp mara nyingi haifiki MB 1. Video sasa, hiyo ni lumbesa.

Baba Mdogo Mbalizi: 😂😂 Na kwenye lumbesa anayeumia ni mkulima. Dada, pole.

Neema: Shangazi ingia Mipangilio ya WhatsApp, tafuta hifadhi na data. Palipoandikwa data ya simu, toa tiki kwenye video. Acha zishuke kwa Wi-Fi tu.

Shangazi Tukuyu: Wi-Fi si ndiyo ile ya bure?

Baba Mdogo Mbalizi: Bure kwako. Mimi nalipa kila mwezi. Mnafikiri sijui kwa nini sikukuu zote mnajazana sebuleni kwangu?

Shangazi Tukuyu: Nimetoa tiki. Ila simu inaniambia tena picha zangu zinapelekwa kwenye wingu.

Babu: Wingu la Rungwe? Mlima wenyewe hatujauona tangu Jumatatu.

Neema: 😂 Babu! Wingu ni kompyuta za kampuni, zimepangwa kwenye majengo mbali huko. Zinaitwa seva. Picha zikikaa huko, hata simu ikidumbukia chooni unazipata. Ila kuzipandisha nako kunakula bando, weka Wi-Fi tu hapo pia.

Babu: Na zinasafiri kwa mnara huu wa hapa juu?

Baba Mdogo Mbalizi: Mnara ni kituo cha kwanza tu baba. Kutoka hapo ni mkongo, yaani waya wa mtandao, mpaka Dar, halafu chini ya bahari. Mkongo wa SEACOM ulifika Dar 2009. Kabla yake tulitegemea setilaiti. Pale intaneti kafe ya Mwanjelwa nilikuwa nalipia nusu saa, inaisha barua pepe moja haijafunguka.

Mama Neema: HONGERA!!! Pata GB 50 BURE, bofya hapa kisha tuma kwa watu 10 👆 Wifi jaribu hii

Neema: MAMA! Msiguse! Hayo maandishi ya bluu ni linki, ni mlango. Soma anwani yake: herufi na namba zimevurugwa tu, kampuni ya simu haiitwi hivyo. Ukiingia watakuomba nywila, au zile tarakimu sita zinazokuja kwa meseji. Ukizitoa, WhatsApp yako inakuwa yao, waanze kutukopa kwa jina lako.

Mama Neema: Nimeshaituma kwa kina mama wa kanisani.

Neema: Ibonyeze kwa muda mrefu, futa kwa wote. Upesi.

Mama Neema: Wawili wameshajibu amina.

Baba Mdogo Mbalizi: 😂😂😂

Shangazi Tukuyu: Ndaga, asante Neema. Sasa harusi yenyewe nitaionaje?

Baba Mdogo Mbalizi: Njoo sebuleni. Ila njoo na mkungu wa ndizi.