Mjadala: Utafiti wa watu 24 uhukumiwe kwa p au kwa ukubwa wa tofauti?

Mleta mada

Wakuu, habari za majukumu. Nimerudishiwa tasnifu ya uzamili kwa mara ya pili, safari hii nimeona nisinung'unike peke yangu. Pembeni mwa Sura ya Nne msimamizi kaandika kwa kalamu nyekundu: "Hakuna matokeo. Ongeza sampuli."

Mambo yalivyo: nilikuwa na wanafunzi 24 wa Kidato cha Pili, nikawagawa kwa kura, 12 kwa 12. Kundi moja lilisoma aljebra kwa maswali mafupi kila siku, jingine kwa utaratibu wa kawaida. Baada ya wiki sita, kundi la maswali lina wastani wa alama 58, lile jingine 51, na mkengeuko sanifu (mtawanyiko wa alama kuzunguka wastani) ni 11 kote kote. Jaribio la t, lile la kulinganisha wastani wa makundi mawili, likanipa p ya 0.13: kama maswali hayafanyi chochote, bahati tupu ingeleta tofauti kubwa kama hii au zaidi mara 13 katika 100. Kwa kuwa p haikushuka chini ya mpaka wa mazoea wa 0.05, zile alama 7 zimehesabiwa sifuri.

Nabisha. Hiyo 0.05 haikushuka kutoka mlimani. Mwanatakwimu Ronald Fisher aliiweka kitabuni mwaka 1925 kama mpaka unaorahisisha kazi, basi. Na jaribio la t lenyewe lilitungwa kwa ajili ya wenye sampuli ndogo kama mimi. William Gosset, mwajiriwa wa kiwanda cha bia cha Guinness kule Dublin, alilichapisha mwaka 1908 kwa jina la kujificha, "Student". Mfano mmoja alioutumia ulikuwa na wagonjwa 10 waliopewa dawa za usingizi. Kumi! Leo mimi wa 24 naambiwa sina kitu.

Mwaka 2016 chama cha wanatakwimu wa Marekani kilitoa tamko kwamba p haipimi ukubwa wa athari wala umuhimu wa matokeo. Sasa kwa nini tasnifu zetu bado zinapita au kukwama hapo? Mimi napendekeza tuandike tofauti yenyewe pamoja na mipaka yake ya asilimia 95: alama 7, huku ukweli ukiweza kuwa popote kuanzia kushuka kwa alama 2 hadi kupanda kwa alama 16. Ukubwa wa athari, ile d ya Cohen (tofauti ikigawanywa kwa mkengeuko sanifu), ni 0.64. Msomaji aamue mwenyewe. Nawasilisha.

Mchangiaji wa 2

Pole mkuu. Nafundisha somo hili, na kwenye mipaka niko nawe mia kwa mia. Kwenye hiyo d ndipo tunapoachana.

Jacob Cohen alitaja 0.2 kuwa ndogo, 0.5 ya kati, 0.8 kubwa, na mwenyewe akaonya kwamba vipimo hivyo ni vya kushikilia pale tu fani yako inapokuwa haina kipimo bora. Wanafunzi wetu wamezigeuza madaraja ya mitihani ya NECTA: 0.64 ni B, hongera. Halafu sampuli ikiwa ndogo d huvimba kidogo. Ukiisahihisha kwa njia ya Hedges, yako inakuwa 0.61. Hilo ni dogo.

Kubwa ni hili. Kwa makundi ya 12 na 12, p haishuki chini ya 0.05 mpaka d ifike karibu 0.85. Tuseme athari ya kweli ya maswali yako ni 0.3, na walimu 50 wanafanya utafiti kama wako. Wachache watakaopenya watapenya kwa sababu bahati iliwapandisha hadi 0.85 au zaidi, na hao ndio watakaochapishwa. Chujio tulilolitega ili kuzuia uongo ndilo linaloukuza. Wanasaikolojia waliliona hilo mwaka 2015 waliporudia tafiti 100: za mwanzo asilimia 97 zilikuwa na p chini ya 0.05, za marudio asilimia 36 tu, na athari zikapungua kama nusu.

Kwa hiyo ukiung'oa mlango wa p ukaweka mlango wa d, umebadilisha rangi ya mlango. Ili jaribio lako likamate d ya 0.5 mara 8 katika 10 ulihitaji watu 64 kila kundi. Kwa 12, hata kama 0.64 ndiyo kweli yenyewe, ungepata p ndogo kama mara 3 katika 10.

Mchangiaji wa 3

Niko Kenya, na huku ni yale yale. Andiko la utafiti likifika mbele ya jopo, swali la kwanza ni "umetumia fomula gani?" Unajibu Yamane, ile inayokokotoa sampuli kutokana na idadi ya watu wote, wanatikisa kichwa kukubali, mnasonga mbele. Asiyetumia Yamane ana ile sampuli yake ya watu 384. Lakini fomula hizo ni za kukadiria asilimia katika umma, mathalani kaya ngapi zina bima, kwa kukosea kusikozidi pointi 5. Kulinganisha makundi mawili ni hesabu nyingine kabisa, na haifanyiki bila kwanza kusema unatafuta tofauti ya ukubwa gani.

Na hili la "sampuli ndogo, tumia Mann-Whitney", yaani jaribio linalopanga vipimo kwa nafasi badala ya kutumia thamani zenyewe, nalo lina wahanga wake. Mwenzangu alichota maji ya mto sampuli 3 juu ya mji na 3 chini ya mji. Akaambiwa aache t. Sasa hesabuni: vitu 6 vinagawanyika tatu tatu kwa njia 20. Hata sampuli zote za chini ziwe chafu kuliko zote za juu, p ya pande mbili (inayohesabu tofauti ya upande wowote) haiwezi kuwa ndogo kuliko 0.10. Alifeli kabla hajafungua chupa! Angekuwa na 4 na 4 njia zingekuwa 70, na p ingeweza kufika 0.03. Nani alimwambia hayo kabla hajashuka mtoni? Hakuna.

Mchangiaji wa 4

Mnambembeleza mleta mada. Mimi nasoma ripoti za tathmini za miradi kwa ajili ya mshahara wangu, nawaambia mkiondoa mstari mtajuta. Nimeshaletewa wanawake 15 waliopimwa kabla na baada ya semina, hakuna kundi la kulinganisha, na kwenye ukurasa wa kwanza herufi nene: "athari kubwa sana, d = 1.1". Mfadhili anapiga makofi. Mstari wa 0.05 ni mbovu, sawa, ila angalau haujui kubembelezwa.

Mleta mada, nina maswali mawili, jibu kwa ukweli. Ulibofya majaribio mangapi kwenye programu ya takwimu ya SPSS kabla ya kutuletea hili? Na nani alifundisha makundi hayo?

Mleta mada

Matatu. La t ndilo lililokuwa kwenye andiko tangu mwanzo, ndiyo maana nimelileta. Baadaye nilijaribu Mann-Whitney, nikajaribu pia kuwaondoa watoro wawili. Ile ya kuwaondoa watoro ilinipa p nzuri zaidi na sikuitumia, naomba nipewe sifa yangu hapo.

Kundi la maswali nilifundisha mimi. Lile jingine alifundisha mwenzangu.

Mchangiaji wa 2

Basi tumebishana kuhusu paa na nyumba haina msingi. Hizo alama 7 ni za maswali au ni zako wewe? Ulipiga kura ya wanafunzi, lakini kila kundi lilipewa mwalimu wake. Kwa jicho hilo utafiti wako una mwalimu 1 dhidi ya mwalimu 1. Hakuna t wala d itakayowatenganisha.

Kumbuka utafiti wa dawa za minyoo kule Busia, Kenya: kugawa kulifanyika kwa shule, shule 75, ingawa watoto walikuwa maelfu. Na pamoja na ukubwa huo, mwaka 2015 wataalamu walizichambua upya data zake na ugomvi ukawaka.

Mleta mada

Hili limeniuma kwa sababu ni la kweli, na kalamu nyekundu haikuligusa.

Nimeongea na mwenzangu. Muhula ujao tunapanga mada fupi nne, kila mmoja wetu afundishe mbili kwa maswali na mbili bila maswali, na mpangilio tuuamue kwa kura. Hata hivyo nitakachoweza kusema mwishoni ni "kwa walimu hawa wawili", na nitakiandika hivyo hivyo.

Msimamizi nimemweleza leo mchana. Amesikiliza vizuri, kisha akachukua kikokotoo. Kidato cha Pili pale shuleni kina wanafunzi 96, Yamane inasema 77. Anataka 77. Walimu bado ni wawili.