Yadi ya boti Ugiriki inanitoza ada ya siku walizonichelewesha wao wenyewe

Wakuu, heshima kwenu. Uzi huu ni mrefu na naandika nikiwa na hasira, mnivumilie.

Boti yangu ya tanga, futi 36, imesimamishwa juu ya vyuma katika yadi moja ya pwani ya magharibi ya Ugiriki, kati ya Preveza na Patras. Jina la yadi silitaji kwa sababu bado wanaishikilia boti. Leo asubuhi karani wa ofisi kanikabidhi ankara. Humo kuna ada ya kila siku ya kukaa nchi kavu tangu boti ilipopandishwa mara ya pili, ada ya kreni ya kuipandisha, na ada ya kreni ya kuishua tena, jambo ambalo hata halijafanyika. Ilipandishwa mara ya pili kwa sababu kazi waliyoifanya wao ilikuwa mbovu. Na wamesema nisipolipa hizo kwanza, hakuna fundi atakayegusa kitu.

Hivi kuna nchi gani duniani ambako fundi anakuharibia kitu chako, halafu anakutoza kodi ya kukiweka kwake anapojivuta kukitengeneza?

Niwaeleze kazi yenyewe. Boti nyingi za tanga za siku hizi hazina shafti ndefu inayotokea kwenye tezi, yaani nyuma ya boti. Injini imeungana na mguu wa alumini unaopenya tumbo la boti na kushuka majini, na rafadha (propela) iko mwisho wa mguu huo. Ndio unaoitwa seildraivi. Pale mguu unapopenya, kinachoizuia bahari isiingie ndani ni raba nene ya duara, basi. Volvo Penta wanataka raba hiyo ibadilishwe kila baada ya miaka 7, na watu wa bima wanauliza. Mguu ukishang'olewa, fundi mwenye akili anabadilisha na sili za rafadha hapohapo, maana ndizo zinazozuia maji ya chumvi yasiingie kwenye mafuta ya gia. Niliagiza vyote viwili kwa maandishi na bei tukakubaliana. Bei waliyoniandikia haikutaja VAT. Kwenye ankara ndipo ikajitokeza, asilimia 24.

Mimi mwenyewe ni injinia wa meli, nimestaafia Southampton. Sili za namna hii nimezibadilisha ujana wangu wote, za meli ambazo boti hii ingeweza kuwekwa sitahani. Lakini mkataba wa yadi unakataza fundi wa nje, na unakataza mwenye boti kugusa injini. Kwa hiyo nikakaa kivulini, nikasubiri. Waliahidi kushua mwisho wa Mei. Tukashuliwa mwisho wa Juni.

Siku ya kushua nilipita chini ya boti na tochi. Mguu wote mwekundu! Wamechukua rangi ileile ya tumbo, yenye shaba, wakaupaka mguu wa alumini juu mpaka chini. Na zinki nayo wameipaka, ile pete inayokaa nyuma ya mguu mbele ya rafadha, imefunikwa hadi kwenye vichwa vya skrubu. Mtu yeyote aliyewahi kufanya kazi na vyuma baharini anajua maana yake. Shaba na alumini zikigusana ndani ya maji ya chumvi, umeme unapita, na alumini ndiyo inayoliwa. Zinki imewekwa pale ili iliwe yenyewe kwanza, mguu upone, na haifanyi kazi hiyo mpaka iwe wazi, chuma kitupu kinachogusa maji. Kisha unaenda kufunga boti marina, unachomeka umeme wa gatini, waya wa ardhi unaiunganisha boti yako na za majirani wote, na ulaji unaongezeka kama huna kifaa cha kuukata mkondo huo. Mguu mpya wa seildraivi ni maelfu ya euro.

Nikamwita msimamizi. Akatazama, akasema boti zote wanazipaka hivyo. Boti zote! Nilipong'ang'ania, akamtuma kijana akaikwangua zinki kwa patasi, mguu ukaachwa na rangi yake, kreni ikatushusha.

Wiki haikuisha. Nikachomoa dipstiki ya gia, mafuta meupe kama maziwa. Maji yameingia. Tukavutwa kurudi yadi, tukapandishwa, na safari hii nikasimama palepale rafadha inavuliwa. Nyuma yake kulikuwa na uzi wa nailoni wa wavuvi umejisokota, umegandamana na grisi ya zamani, na sili zilikuwa zilezile za siku zote, ngumu, zimekatika mdomo. Ukiivua rafadha uzi ule huwezi kuukosa. Hakuna aliyeivua. Sili mpya zimo kwenye ankara ya kwanza, na saa za kuzifunga zimo, na nimelipa. Picha ninazo zote, na msimamizi alikuwepo, aliona kwa macho yake, akaondoka bila neno.

Mimi nimekulia Pangani. Mafundi wa kalafati niliowaona utotoni, wakimaliza kugonga pamba kati ya mbao, walimwita mwenye chombo atazame kabla deheni haijapakwa, kwa sababu deheni ikishafunika hakuna anayeona kilicho chini. Wale hawakuwa na ofisi yenye kiyoyozi wala mkataba wa kurasa nyingi.

Sasa kinachoniumiza zaidi ni siku. Pasipoti yangu ni ya Uingereza. Tangu Januari 2021, baada ya Uingereza kutoka Umoja wa Ulaya, sisi tunaruhusiwa siku 90 katika kila siku 180 ndani ya Schengen yote, yaani zile nchi za Ulaya zilizoondoa ukaguzi wa mipaka kati yao, Ugiriki ikiwemo. Na tangu Oktoba 2025 wameanzisha mfumo mpya mipakani, wanachukua alama za vidole na kompyuta ndiyo inayohesabu. Siku zangu na za mke wangu zinaisha tarehe 17 Agosti. Boti ingekuwa majini, ningepanda hadi Corfu, nikavuka kwenda Sarandë. Albania si Schengen, tungekaa kule kwa amani na boti yetu. Ikiwa juu ya vyuma tutaondoka kwa ndege na kuiacha mikononi mwa watu hawahawa, ada ya kila siku inaendelea kupanda. Majirani zetu hapa yadini ni Waholanzi na Wajerumani, watu wema, friji yao tunatumia. Nao wana malalamiko yao kwa yadi hii, ila wao ni raia wa Umoja wa Ulaya, wanaweza kusubiri hadi Oktoba. Yadi inajua nani ana haraka, na inamkamua huyohuyo.

Na maisha ya kuishi ndani ya boti iliyo nchi kavu, hebu yafikirieni. Choo cha boti hakitumiki, karai la vyombo unamwaga nje kwa ndoo. Mke wangu ana goti bovu. Usiku anashuka ngazi ya aluminiamu, urefu wa zaidi ya mita tatu, tochi mdomoni, atembee kwenye kokoto hadi vyoo vya yadi, halafu aipande tena. Mchana joto la Agosti, huku jirani anapiga msasa na vumbi la rangi yenye sumu linaingia kila tundu. Hajalalamika hata mara moja, na hilo ndilo linalonitia uchungu.

Asije mtu akasema haya ni matatizo ya matajiri. Boti hii imenunuliwa kwa kiinua mgongo cha mtu aliyekaa chumba cha injini maisha yake yote. Ndiyo nyumba yetu ya miezi ya joto, hatuna nyingine.

Ninachodai ni hiki: ada zote tangu boti ipandishwe mara ya pili zifutwe, kreni zote mbili ziwe juu yao, sili zifungwe mbele yangu, na rangi ya shaba iondolewe kwenye mguu mpaka alumini ionekane, ipakwe rangi isiyo na shaba. Nimewaandikia barua pepe. Hawajajibu.

Kama kuna ndugu yuko Patras au Piraeus, au baharia anayepita huko, anayemjua mwanasheria wa mambo ya bahari au mkaguzi wa boti asiyefanya kazi na yadi yoyote, anitumie ujumbe leo. Nahitaji ripoti yenye muhuri kabla ya tarehe 15, maana siku hiyo ni sikukuu ya Bikira Maria na Ugiriki nzima inafunga. Na aliyewahi kurudishiwa ada kama hizi na yadi ya Ugiriki, aeleze alipitia mlango gani.