Nimevuka Mokowe mara tatu kwa laptopu inayokwama, imefomatiwa mara mbili, kumbe ugonjwa ni vumbi

Jamani wanamuziki wenzangu, naandika hapa nikiwa na hasira na sitaificha. Kama unatengeneza muziki kwa laptopu na uko huku Pwani, soma kabla hujampa mtu mashine yako.

Mimi narekodi nyumbani, Langoni, Lamu. Qaswida za vijana wa madrasa, nyimbo za harusi, taarabu mara mojamoja. Chumba ni cha nyumba ya kale, kuta za mawe ya matumbawe, dari ya boriti na chokaa. Natumia FL Studio, programu ya kutengenezea muziki, na leseni niliilipia mwenyewe, sikuiba. Laptopu ni ya mtumba, RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) GB 4, diski ya kuzunguka. Si mashine ya kutambia, lakini miaka mitatu imenilisha.

Mwezi wa pili, kaskazi imekaza na joto halina huruma, ndipo balaa likaanza. Wimbo unapiga vizuri, mara sauti inakwaruza, inapasukapasuka, halafu kila kitu kinaganda. Mshale wa kipanya hauendi. Unangoja dakika nzima, inazinduka, unapiga tena, inaganda tena.

Siku iliyoniuma ni ile aliyokuja Bi mmoja wa mtaani kwetu, umri wake sabini na zaidi. Anajua nyimbo za vugo, zile wanazoimba akina mama harusini huku wakigonga pembe kwa vijiti, na nyingine sijapata kuzisikia kwa mtu mwingine. Alikuja na wenzake watatu, pembe zimefungwa ndani ya leso. Nikafunga madirisha kwa sababu ya punda wa kichochoroni, nikazima pangaboi lisiingie kwenye maiki, tukaanza. Beti ya nne skrini ikaganda. Wao hawakujua. Waliendelea kuimba, pembe zinalia, na mimi natazama ule mstari wa sauti umesimama palepale. Walipomaliza Bi akavua hedifoni taratibu, akaniuliza, "Mwanangu, haikushika?"

Nikamwambia haikushika. Tukarudia, ikaganda beti ya pili. Mara ya tatu sauti yake ilikuwa imekauka. Akasema, "Basi tuwate, mwanangu. Siku nyingine." Nikawashindikiza mpaka mlangoni na sikuweza kumtazama usoni.

Keshoye alfajiri nikavuka kwa boti mpaka Mokowe, gati ya upande wa bara, nikapanda basi mpaka Malindi. Zaidi ya kilomita 200, Witu, Garsen, laptopu nimeipakata kama mtoto mgonjwa. Nikaenda duka moja la kompyuta, silitaji. Nikamweleza fundi kinaganaga: ikiwa alfajiri, wimbo unapiga mwanzo mwisho. Ikifika saa saba mchana, wimbo uleule, vyombo vilevile, unakwama hata dakika haijatimia. Mtu anayeijua kazi yake hapo alikuwa ameshapata nusu ya jibu. Yeye hakuinua hata kichwa. "Hiyo ni virusi, kaka. Tunafomati." Yaani wanafuta na kuweka Windows upya. Shilingi 1,500.

Imerudi kwangu na FL Studio ya wizi, iliyovunjwa, wamenibandikia juu ya haki yangu niliyoinunua! Nikafungua Task Manager, pale Windows inapoonyesha kila programu inatumia nguvu kiasi gani, nikakuta programu nisiyoijua inakula theluthi ya prosesa, ule ubongo wa kompyuta, bila mimi kugusa kitu. Yaani virusi alivyosema anaviondoa, ameniletea yeye. Na kukwama kuko palepale.

Safari ya pili: "Ni RAM." Shilingi 4,000, ikawa GB 8. Sitamdhulumu, RAM ilisaidia kidogo. Natumia sauti zilizorekodiwa tayari za udi na kanuni, zile ala za nyuzi za taarabu, ambazo peke yake zinabeba GB 3, na GB 4 zilikuwa hazitoshi, mashine ilikuwa inakimbilia diski kila saa. Lakini wakati wanaiweka hiyo RAM wakafomati tena, na safari hii diski nzima. Nilimwambia kwa mdomo wangu, nikamwandikia na kwenye karatasi ya duka: sehemu ya D ya diski, ninapoweka kazi zangu, isiguswe. Humo mlikuwa na nyimbo sita za vugo nilizorekodi mwaka jana. Mmoja wa wale akina mama wa mwaka jana ameshatangulia mbele ya haki. Sauti yake ilikuwa humo na mahali pengine haipo.

Nilipouliza, nikajibiwa: "Ungefanya bakapu." Ni kweli, ningefanya, na kosa hilo ni langu. Lakini mtu ameandika usiguse, nawe unagusa, halafu unamfundisha adabu?

Safari ya tatu, maana ilikuwa inakwama bado, akaniambia mashine imechoka ninunue nyingine, akanionyesha moja rafuni kwake, shilingi 48,000. Siku hiyo nilirudi Lamu sikusema na mtu ndani ya basi.

Sasa sikilizeni nilichokikuta mwenyewe, usiku mmoja, sebuleni, na bisibisi ya shilingi mia. Task Manager inaonyesha kasi ya prosesa. Yangu inatakiwa ikimbie gigahezi 2.4. Saa saba mchana, wimbo unapiga, niliiona inaporomoka mpaka 0.79 na kukaa hapo. Nikaweka programu ya kupima joto: nyuzi 97. Prosesa nyingi za laptopu zikikaribia nyuzi 100 hujipunguzia kasi zenyewe zisiungue. Alfajiri chumba kina ubaridi, inapumua. Mchana haipumui. Na ninaporekodi nafunga madirisha na kuzima pangaboi! Ndiyo maana ilikuwa inanifia mbele ya waimbaji kuliko wakati wowote. Mashine ilikuwa inajiokoa, na mimi naitukana.

Nikafungua mgongo wake. Baina ya feni na vile vibati vyembamba vya shaba, vumbi limeshikana kama sufi ya mto, limechanganyika na ungaunga wa chokaa ya dari na unyevu wa chumvi, gumu, nililitoa kipande kimoja kizima kwa vidole. Ile dawa ya kijivu inayopakwa juu ya prosesa ilikuwa imekauka, inamumunyuka. Nikasugua kwa brashi mpya ya rangi, nikapaka dawa mpya ya shilingi 300. Joto likashuka mpaka nyuzi 74, mchana, pangaboi limezimwa. Safari tatu, fundi wa duka lenye kibao hakuligusa feni hata mara moja!

Na hasira nyingine ni kwenu mnaomjibu kila anayeuliza kwa nini sauti inakatika, "weka bafa 2048, kwisha." Bafa ni kipande cha sauti ambacho prosesa inakijaza kabla hakijatoka; ni kama kumnywesha mtu maji kwa kata: kata hii ikiisha na nyingine haijafika, sauti inakatika. Ukiongeza bafa, prosesa inapata muda wa kujaza, sawa. Lakini sauti ikipimwa mara 44,100 kila sekunde, bafa ya vipimo 2048 ni milisekunde 46 hivi, na sauti ya muimbaji inapita njia hiyo ikiingia na ikitoka. Mvalishe hedifoni mtu anayegonga pembe, umpe sauti yake imechelewa hivyo, uone kama atashika mdundo. 2048 ni ya wakati wa kuchanganya. Wakati wa kurekodi mimi natumia 256, milisekunde 6 hivi, kwa ASIO, draiva ya kupitisha sauti bila kuchelewa sana, na vile vyombo vizito nimeshavigeuza kuwa sauti ya kawaida kwanza ili prosesa isihangaike navyo. FL Studio yenyewe, pale kwenye mipangilio ya sauti, inakuhesabia ni mara ngapi kata imechelewa. Itazame hesabu hiyo kabla hujabadilisha lolote.

Na stima ikipotea, ambako kwetu si ajabu, laptopu ikienda kwenye betri Windows inaweza kuipunguzia nguvu kimyakimya. Tazameni mpangilio wa umeme.

Duka nimelipigia, wanasema pesa hazirudi kwa sababu "kazi ilifanyika". Karatasi ninayo, ina mwandiko wangu wa kusema D isiguswe na muhuri wao chini. Mwenye kujua njia ya kudai haki kwa kitu kama hiki bila kukodi wakili, anielekeze, maana 5,500 na nauli za safari tatu si pesa za kusamehe.

Lakini kubwa zaidi ni zile nyimbo sita. Diski nimeitoa, nimeweka SSD, ile isiyozunguka, na ile ya zamani sijaiwasha tena, kwa sababu kila kinachoandikwa upya kinaweza kufunika vilivyofutwa. Ni ya kuzunguka, ya GB 500, imefomatiwa na kuwekewa Windows juu yake, nikaitumia kama wiki mbili kabla sijajua la kufanya. Faili zilikuwa za WAV, kila moja dakika sita mpaka kumi. Aliyewahi kurudisha sauti kutoka diski ya hali hii, Mombasa, Malindi, popote, aniambie alitumia nini na alipata kiasi gani. Hata wimbo mmoja. Watoto wa yule mama wameshaniuliza mara mbili.