Mzee amestaafu ualimu, pensheni inaingia, lakini siku zake zimekuwa tupu. Aanzie wapi?

Bint Korogwe

Wadau, shikamoo kwa waliotutangulia. Baba yetu amestaafu kwa lazima akiwa na miaka 60, mwalimu wa shule ya msingi maisha yake yote. Pensheni inatosha chakula, nyumba ni yake, presha imetulia kwa dawa. Tatizo ni siku yenyewe. Anaamka, chai, barazani na redio, usingizi wa mchana, taarifa ya habari, basi. Ukimuuliza anajibu "napumzika", ila uso si wa mtu anayepumzika. Sisi watoto tumegawanyika: mmoja anataka tumfungulie duka, mwingine anasema aachwe. Naomba hatua zinazofanyika. Tafadhali msiniambie "awe na shukrani".

Mratibu wa Kata

Dada, anzeni kwa kuhesabu alichopoteza, kwa sababu mshahara ni sehemu ndogo tu. Mtafiti Marie Jahoda aliorodhesha mambo matano ambayo kazi humpa mtu mbali na fedha: mpangilio wa saa, watu wa kukutana nao nje ya nyumba, lengo linalowahusu wengi, hadhi, na ulazima wa kufanya jambo hata siku ambayo huna hamu. Mzizi wa wazo hilo ni Marienthal, kijiji cha Austria ambacho kiwanda chake cha nguo kilifungwa karibu na mwaka 1930. Jahoda na wenzake walikwenda kuangalia watu wanafanya nini na muda wote ule wa bure. Ungetegemea wasome zaidi, lakini vitabu vilivyoazimwa maktabani vilipungua karibu nusu kati ya 1929 na 1931. Wanaume walitembea polepole, wakasimamasimama njiani, wengi wakaacha hata kuvaa saa. Wanawake, ambao kazi za nyumbani hazikufungwa pamoja na kiwanda, waliendelea kutembea haraka.

Sasa mpimeni mzee kwa yale matano. Kengele imekwisha, stafu haipo tena, mitihani ya darasa la saba si yake, na hakuna anayemdai andalio la somo. Hadhi bado anayo, kwa kuwa mtaa mzima utamwita "Mwalimu" mpaka mwisho. Kwa hiyo manne yamekatika siku moja na moja limebaki. Hilo lililobaki ndilo la kuanzia.

Utaratibu wenyewe ni huu. Mnunulieni kaunta buku. Wiki ya kwanza asibadilishe chochote. Aandike tu, saa kwa saa, amefanya nini, na mbele ya kila jambo aweke alama mbili kati ya 0 na 10. Ya kwanza ni ya raha: limenifurahisha kiasi gani? Ya pili ni ya kuweza: nimehisi nimefanya kitu? Msiziunganishe. Redio inaweza kupata 6 ya raha na 0 ya kuweza, na kurekebisha mlango wa choo ikawa 2 kwa 8. Siku iliyojaa alama za safu ya kwanza peke yake ndiyo inayochosha mtu bila yeye kujua kwa nini.

Wiki ya pili aongeze mambo matatu tu: la mwili, la mikono, na la tatu liwe na mtu anayemsubiri. La mwili ni kutembea dakika 20 kabla jua halijawa kali. La mikono ni bustani, ukarabati, chochote kinachoacha alama ya kuonekana jioni. La tatu ndilo zito. Watoto wawili wa jirani wasiojua kusoma vizuri, Jumanne na Alhamisi, saa kumi hadi saa kumi na moja jioni. Hata akiamka mzito, saa kumi watakuwa mlangoni na madaftari.

Aandike yote kama azimio la kazi: wiki, siku, saa, shughuli, vifaa, maoni. Hiyo ni lugha yake, hahitaji kufundishwa na mtu.

Panapoharibika ni palepale kila mara. Kwanza, watu huanza na mambo kumi, siku ya nne wameacha yote. Pili, husubiri hamu ije ndipo wafanye, wakati kwa mtu aliyelegea hamu huja baada ya kuanza, na siku nyingine haiji kabisa. Kwa hiyo kila jambo lifungwe kwenye jambo ambalo tayari hutokea: "nikimaliza chai, navaa viatu." Tatu, akikosa siku moja anadhani ameshindwa. Utafiti uliofanyika London na kuchapishwa 2010 uliwafuata watu 96 waliokuwa wakijenga mazoea mapya. Wastani ulikuwa siku 66, wengine 18, na kwa waliokwenda polepole hesabu ilifika 254. Kukosa siku moja hakukuwarudisha nyuma kwa maana yoyote.

Nesi Zamu ya Usiku

Naunga mkono, ila kabla ya kaunta buku hakikisheni si ugonjwa. Sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito, kwa wanaume wa umri huo mara nyingi haiji na machozi. Huja na hasira za karibu, maumivu ya mgongo yasiyoeleweka, kuamka saa tisa usiku bila kurudi usingizini, na suruali kulegea kiunoni. Zahanati au kituo cha afya wanaweza kutumia dodoso la PHQ-9, ambalo lina tafsiri ya Kiswahili: maswali tisa kuhusu wiki mbili zilizopita, kila moja alama 0 hadi 3, jumla 27. Kuanzia 10 anahitaji kuonwa kwa makini. Swali la tisa linahusu kutaka kufa au kujidhuru. Hapo msisubiri jumla. Hata alama moja inatosha kumpeleka siku hiyohiyo.

Ombeni pia wamwangalie wingi wa damu, sukari na tezi ya koo, kwani zote tatu zikiharibika mtu huwa mzito akaonekana mvivu. Dawa za presha zitajwe kwa majina, maana baadhi, kwa mfano propranolol, zinaweza kuchosha. Lakini asiziache mwenyewe, daktari ndiye abadilishe. Masikio na macho yasisahaulike. Mzee asiyesikia vizuri hukwepa baraza kwa sababu amechoka kuuliza "umesemaje?", na nyumbani mnasema amejitenga. Nta iliyoziba sikio huondolewa kwa dakika chache. Mtoto wa jicho anahitaji upasuaji, lakini ni upasuaji mfupi.

Usingizi wa mchana usizidi nusu saa, na uishe kabla ya saa tisa alasiri. Akilala masaa mawili mchana, usiku atakuwa macho akiwaza, asubuhi hana nguvu, na mzunguko unaanza upya.

Mfugaji wa Uani

Kuhusu duka: msithubutu. Mwalimu mstaafu hawezi kumnyima mkopo mzazi wa mwanafunzi wake, na daftari la madeni litajaa kabla ya rafu. Tena duka linakaa wazi tangu alfajiri hadi usiku, kwa hiyo amefungwa kitini vilevile, sasa akiwa na wasiwasi juu yake.

Mtaambiwa kuku wa nyama. Piga hesabu kwanza. Kuku 200 hula takriban kilo 3.5 kila mmoja hadi wiki ya sita, yaani kilo 700, mifuko 14 ya kilo 50. Wote hukomaa siku moja. Mteja akichelewa, kila siku inayoongezeka wanakula kilo 30 au zaidi bila faida. Vifaranga wanataka joto la nyuzi 32 hadi 35 wiki ya kwanza, maana yake mtu wa kuamka usiku kuangalia jiko. Kiinua mgongo cha watu wengi kimeishia kwenye banda la namna hiyo.

Kama lengo ni siku iwe na maana na si utajiri, chukueni kuku wa kienyeji 12, banda la mita 2 kwa mita 1.5, viota vitatu. Wakifungiwa wanakula gramu 100 hadi 120 kwa kuku kwa siku, yaani kilo moja na nusu hivi kwa wote. Wakitoka uwanjani, pungufu ya hapo. Kazi yake ni dakika 30 asubuhi na 30 jioni, na haiahirishiki.

Halafu kuna chanjo ya kideri (Newcastle, ugonjwa unaoua kuku kwa wingi), ambayo mimi naona ndiyo yenye siri. Chanjo ya I-2 hudondoshwa jichoni, tone moja kwa kila kuku mzima wa afya, hata kifaranga, kisha hurudiwa kila baada ya miezi mitatu. Chupa ndogo ina dozi za kuku mia au zaidi, na ikishafunguliwa haikai. Mwenye kuku 12 hawezi kuimaliza. Inabidi apite kwa majirani, aandike nani ana kuku wangapi, akusanye mchango, apange siku. Chanjo ifanyike alfajiri kuku wakiwa bado bandani, la sivyo mtawakimbiza mtaa mzima. Kuku wanaougua wasichanjwe. Tena atangaze mapema kwamba kinga huchukua wiki moja hadi mbili kujengeka. Asipotangaza, kuku akifa siku ya tatu lawama ni zake. Mtu aliyezoea kuita mahudhurio ataimudu kazi hiyo kuliko bwana mifugo. Kabla hajaanza amwone ofisa mifugo wa kata amwelekeze namna ya kushika kuku na kutunza chanjo kwenye baridi.

Bint Korogwe

Asanteni sana. Mawili yamebaki. Kwanza, ukimwambia "Baba, fanya hiki" anasema amefanya kazi ya kutosha, aachwe. Pili, Bimkubwa amechoka. Tangu mzee akae nyumbani anakagua jikoni: sukari imeisha lini, mkaa mbona umetumika mwingi. Hii nayo tuiweke wapi?

Bibi wa Ngamiani

Mwanangu, msimwambie afanye. Mwombeni msaada, tena wa kweli. Mzee ananusa kazi ya kubuniwa kama mtoto anavyonusa dawa kwenye uji. "Baba, tafuta kitu cha kufanya usichoke" ni kumwambia kwamba hana kazi duniani. "Baba, huyu mjukuu kugawanya kumemshinda na mtihani uko karibu, mimi narudi jioni sana" ni habari nyingine. Aliyeomba asimame pembeni. Msimsimamie wala kumsahihisha. Akiingia, muombaji mwingine awe mtu wa nje: kamati ya shule, viongozi wa msikiti au kanisa, kikundi cha kuweka na kukopa kinachotafuta mwandishi wa kumbukumbu anayeaminika. Ombi la mtu wa nje lina uzito ambao mtoto hana. Ila mumsaidie kukataa vyeo vya mikutano tu. Mjumbe wa kamati inayokaa mara moja kwa miezi mitatu hajapata kitu cha kumtoa kitandani Jumatano.

Mnajua Zimbabwe walifanyaje? Mwaka 2006 daktari wa akili, Dixon Chibanda, alianza na bibi wachache Harare, wakakaa kwenye mabenchi nje ya zahanati kuwasikiliza waliozidiwa na mawazo. Bibi hapewi mamlaka ya kuhubiri. Anasikiliza, anamsaidia mgonjwa kutaja shida zake zote, wachague moja, wapange hatua moja ya wiki hiyo, kisha warudi kuangalia imefikia wapi. Matokeo ya jaribio lao yalichapishwa 2016: waliopitia benchi walikuwa na dalili chache zaidi baada ya miezi sita kuliko waliopata huduma ya kawaida. Mpango huo umefika hata Zanzibar. Na nyinyi fanyeni hivyohivyo na Baba: orodha yote, moja, hatua moja. Tena aitaje yeye. Msimletee orodha yenu.

Kama anajua bao, hiyo ni dawa nyingine. Bao la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64, na vijana wengi siku hizi hawajui hata kunamua, yaani hatua ya mwanzo ya mchezo. Awe na saa yake ya kuwafundisha wawili watatu, si kukaa tu kusubiri wazee wenzake waje.

Mama yako sasa. Jikoni mle kuna mwenyewe kwa miaka yote hiyo, na mzee ameingia kama mkaguzi wa elimu asiyealikwa. Wasigombane juu ya sukari. Wagawane vitu, si muda. Achukue jambo zima kuanzia mwanzo hadi mwisho, kwa mfano soko la Jumamosi: aandike mahitaji kwa kuulizana na mama, apewe fedha, anunue, abebe, ahesabu chenji. Akikosea nyanya, mama asirudi sokoni kumsahihisha. Kwa upande wake, mkaa na sukari haviulizwi tena. Na kuanzia saa tatu hadi saa sita asubuhi awe nje ya nyumba siku nne za wiki, kwenye kuku au kanisani au kwa fundi, popote. Mama naye anahitaji nyumba yake.

Mratibu wa Kata

Naongeza kwa Bint. Baada ya wiki nne fungueni kaunta buku pamoja naye, lakini asome yeye. Tazameni safu ya kuweza peke yake. Jambo lililopata chini ya 4 mara zote nne lifutwe, hata kama ni wazo lenu zuri. Lililopata 7 liongezewe siku. Safu ya raha isiwatishe ikiwa bado chini. Roy Baumeister na wenzake nchini Marekani, mwaka 2013, waliona kwamba raha na maana havitembei pamoja kila wakati: wanaojishughulisha na wengine waliripoti maana zaidi, na wasiwasi nao zaidi. Kwa hiyo akianza kulalamika kwamba wale watoto wa Jumanne hawashiki jedwali la saba, au kwamba jirani hajalipa mchango wa chanjo, msimwambie aache. Mwulizeni Jumanne ijayo atawafundisha kwa njia gani.